Mfalme anatia saini, waziri mkuu anatawala

Tarehe 28 Agosti 2019 wajumbe watatu wa Baraza la Faragha la Uingereza, chombo cha kumshauri mfalme, walifika Balmoral, makazi ya kifalme yaliyoko Scotland, wakiwa na amri moja ya kuidhinishwa. Malkia Elizabeth II akaiidhinisha, na Bunge likapangiwa kufungwa kwa majuma matano wakati mvutano wa Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ukiwa umefika kooni. Malkia hakuwa na haja ya kulifunga. Mwenye haja alikuwa Waziri Mkuu Boris Johnson, na yeye wala hakufunga safari ya Balmoral. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kwamba Malkia alishauriwa kinyume cha sheria. Rais wa mahakama hiyo, Lady Hale, alisema ni kana kwamba waliotumwa kwenda kulifunga Bunge waliingia ukumbini na karatasi tupu.

Kisa hiki kinaueleza ufalme wa kikatiba kuliko sherehe zote za kuvishwa taji. Watu wakiuzungumzia mfumo huu huuliza kwanza mfalme ana nguvu gani. Wakijibiwa kwamba hana, wanaridhika na kugeukia habari za harusi na magari ya farasi. Naona swali hilo linatupotezea muda. Nguvu zipo, tena nyingi. La kuuliza ni nani anazitumia kwa jina la mfalme, na akizitumia vibaya nani atamshika mkono.

Orodha ya mamlaka ambayo kwa maandishi ni ya Taji la Uingereza ni ndefu: kuteua mawaziri na kuwafukuza, kuvunja Bunge, kuingia vitani, kufunga mikataba na mataifa mengine, kuamuru majeshi, kusamehe wafungwa, kugawa nishani. Tangu Sheria ya Haki ya 1689 Bunge limeyamega machache hapa na pale, lakini hakuna siku yalipofutwa kwa jumla. Kilichobadilika ni mtumiaji. Vizazi vya mawaziri vilijifunza kuyatumia kwa niaba ya mfalme, na wafalme wakajifunza kukubali wanachoshauriwa. Kila sheria bado inahitaji idhini ya kifalme, lakini mara ya mwisho idhini hiyo kunyimwa ilikuwa 1708, Malkia Anne alipoukataa muswada wa wanamgambo wa Scotland, na hata wakati ule aliukataa kwa sababu mawaziri wake walimtaka aukatae.

Linganisha na Marekani. Rais wa kule hupigiwa kura na nchi nzima, lakini akitaka kumteua waziri wa ulinzi lazima jina lipite Seneti, na hawezi kuivunja Kongresi hata imchoshe vipi. Waziri mkuu wa Uingereza amechaguliwa na jimbo lake moja tu, kisha na chama chake. Hata hivyo anaweza kuunda baraza zima la mawaziri asubuhi na kulipangua jioni bila kumpigia mtu magoti, na kwa kuwa chama chake ndicho chenye viti vingi bungeni, miswada yake kwa kawaida hupita. Anayedhani kwamba kumfunga mfalme kamba kumemfunga na mtawala hajaangalia vizuri nani ameshika ncha ya kamba hiyo.

Mwaka 2011 Waingereza walijaribu kumpunguzia waziri mkuu silaha moja: sheria iliweka miaka mitano kati ya uchaguzi na uchaguzi, asiweze kuitisha kura siku tu anapoona upepo unamfaa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2022. Iliyochukua nafasi yake ikaongeza kipengele kinachozikataza mahakama kuhoji jinsi mamlaka ya kuvunja Bunge yanavyotumika. Kwa maandishi, mamlaka yalirudi kwa mfalme. Kwa vitendo, ni Waziri Mkuu Rishi Sunak aliyetangaza Mei 2024 kwamba uchaguzi ungefanyika tarehe 4 Julai, akakiacha chama chake na viti 121. Uamuzi ulikuwa wake, na hasara ilikuwa yake pia.

Ila wepesi wa kumpandisha mtu ndio wepesi wa kumshusha, na hapo ndipo mfumo huu unapojitetea. Margaret Thatcher alikuwa ameshinda chaguzi kuu tatu mfululizo wabunge wake mwenyewe walipomwondoa Novemba 1990. Liz Truss aliteuliwa tarehe 6 Septemba 2022 na kumwachia mwingine kiti tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo. Katikati, malkia aliyemteua alifariki, na aliyempokea barua ya kujiuzulu ni mfalme mwingine. Serikali ilibadilika, kiti cha enzi kikabadilika, na hakuna kituo hata kimoja cha kura kilichofunguliwa kote nchini. Hispania inafanya kwa utaratibu zaidi: katiba ya 1978 inawataka wabunge wanaomwangusha waziri mkuu wataje palepale nani atachukua nafasi yake. Ndivyo Mariano Rajoy alivyoondoka tarehe 1 Juni 2018, na kesho yake Pedro Sánchez akaapa mbele ya Mfalme Felipe VI. Rais mwenye kipindi maalumu akivurunda, nchi kwa kawaida humsubiri amalize.

Faida nyingine haionekani kwa haraka, lakini mimi naipa uzito kuliko zote. Kiti cha juu kabisa kikiwa kimekaliwa na mtu asiyegombea, wanasiasa hugombania kiti cha pili. Askari na majaji huapa kwa mfalme, siyo kwa kiongozi wa chama kilichoshinda. Kumpinga waziri mkuu kunakuwa ni kuipinga serikali tu, si kuipinga dola. Uingereza kiongozi wa upinzani bungeni analipwa mshahara na serikali ileile anayoishambulia kila Jumatano, na amekuwa akilipwa hivyo tangu sheria ya 1937. Chama chake kinaitwa rasmi upinzani mtiifu wa mfalme. Mahali ambapo mkuu wa nchi na mwenyekiti wa chama ni mtu mmoja, mstari huo huwa mgumu kuuchora, na wapinzani wengi wameozea gerezani kwa sababu haukuchorwa.

Afrika Mashariki iliupitia mfumo huu kwa muda mfupi mno. Tanganyika ilikuwa chini ya Malkia kuanzia uhuru wa Desemba 1961 hadi ilipokuwa jamhuri Desemba 1962, Kenya kuanzia Desemba 1963 hadi Desemba 1964, wote wakiwakilishwa na Gavana Mkuu. Jamhuri zilipokuja, wengi waliona ni suala la kumuaga malkia wa mbali. Kilichofanyika kikatiba kilikuwa kikubwa zaidi: heshima za Gavana Mkuu na nguvu za waziri mkuu viliwekwa mikononi mwa mtu mmoja, yaani rais. Sisemi ufalme ungefaa kubaki. Nasema kiungo kilichotenganisha dola na serikali kiliondolewa bila kuwekwa kingine mahali pake.

Turudi kwa wafalme. Kwa kawaida mfalme wa kikatiba hana la kuamua, kwa sababu matokeo ya uchaguzi yameshamwamulia. Kazi huja pale chama kimoja kisipopata viti vya kutosha. Mtu lazima aseme nani aanze kujaribu kuunda serikali ya mseto, na mtu huyo ana nguvu hata akijifanya hana. Ubelgiji, yenye vyama vya Waflemi wasemao Kiholanzi na vya Wawaloni wasemao Kifaransa visivyotazamana, mfalme huteua mjumbe wa kupima hali, kisha mwingine wa kusuluhisha, kisha mwingine wa kuunda serikali. Baada ya uchaguzi wa Juni 2010, Mfalme Albert II aliwapokea na kuwaaga wajumbe wa namna hiyo kwa siku 541 kabla serikali haijaapa. Wakati wote huo mishahara ya umma ililipwa na treni ziliendelea kupita, jambo lililowafedhehesha kidogo wanasiasa.

Waholanzi walikuwa na utaratibu unaofanana na huo hadi mwaka 2012, wabunge walipoamua kwamba Malkia Beatrix hatahusika tena, na kwamba Bunge lenyewe litateua wapatanishi. Waswidi walishapita hapo zamani: katiba iliyoanza kutumika mwaka 1975 ilimwondolea mfalme hata kazi ya kumtaja waziri mkuu na kumpa Spika wa Bunge. Baada ya uchaguzi wa Septemba 2018 Spika Andreas Norlén alihangaika kwa siku 134 hadi Stefan Löfven alipopata nafasi ya kuendelea. Mfalme Carl XVI Gustaf hakuguswa na lawama hata tone. Waliotarajia kwamba bila mkono wa mfalme mambo yangeenda haraka walikosea, lakini kila hatua ilikuwa wazi, na aliyeichukua alikuwa mtu anayeweza kuhojiwa na wabunge wenzake.

Malaysia imekwenda njia tofauti kabisa. Kule ufalme wa nchi nzima ni wa zamu: watawala tisa wa majimbo huchagua mmoja wao akae miaka mitano. Mahathir Mohamad alipojiuzulu ghafla Februari 2020 na muungano wake kusambaratika, Mfalme Abdullah aliwaita kasri wabunge wote 222, mmoja mmoja, awaulize wanamtaka nani. Akamteua Muhyiddin Yassin, aliyeapa tarehe 1 Machi, huku Mahathir akidai kwamba ni yeye aliyekuwa na wabunge wa kutosha. Njia ya kujua nani mkweli ilikuwa moja, kupiga kura ukumbini. Bunge lilipokutana hatimaye tarehe 18 Mei, lilikaa siku moja, likasikiliza hotuba ya Mfalme, likaahirishwa bila mjadala. Mwaka 2022, uchaguzi ulipotoka bila mshindi wa wazi, Mfalme huyohuyo alimteua Anwar Ibrahim, na safari hiyo Anwar aliomba kura ya imani bungeni mwezi uliofuata na kuipata. Mfalme alihesabu kwa nia njema mara zote mbili, naamini hivyo. Lakini hesabu ya kasri hufanyika mlango umefungwa, na aliyeshindwa hana pa kudai ihesabiwe upya.

Je, mfalme akikataa? Aprili 1990 Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Mkatoliki wa dhati, aliona dhamiri haimruhusu kutia saini sheria ya utoaji mimba iliyokuwa imepitishwa na mabunge yote mawili. Mawaziri wakatafuta kifungu cha katiba kilichowekwa kwa ajili ya mfalme mgonjwa au aliyetekwa na adui, wakatangaza kwamba hawezi kutawala, wakaisaini wenyewe, na mabunge yakamrudisha kitini baada ya siku moja na ushei. Ujanja huo unachekesha, na pengine ni wa aibu kidogo, lakini kila mmoja aliondoka na chake. Luxembourg hawakuchekacheka. Grand Duke Henri, mtawala wa nchi hiyo wakati huo, aliposema mwishoni mwa 2008 kwamba hataidhinisha sheria ya kuwaruhusu wagonjwa mahututi kusaidiwa kufa, Bunge lilibadilisha katiba: tangu hapo kazi ya Grand Duke ni kuitangaza sheria tu, akubaliane nayo au asikubaliane nayo.

Wafalme waliokataa wakasifiwa ni wale waliomkatalia mvunjaji wa katiba. Haakon VII wa Norway, Aprili 1940, aliwaambia mawaziri wake kwamba wakikubali shinikizo la Wajerumani la kumfanya kibaraka wao Quisling waziri mkuu, yeye ataachia ufalme. Wakakataa pamoja naye. Juan Carlos wa Hispania, usiku wa tarehe 23 Februari 1981, wabunge wakiwa wameshikiliwa kwa bunduki na askari waasi ndani ya ukumbi, alitokea kwenye televisheni na sare za kijeshi kuamuru majeshi yabaki na katiba. Mfalme huyohuyo, ambaye katiba inasema hashitakiki, aliachia kiti 2014 na kuondoka nchini 2020 akifuatwa na kashfa za fedha. Watetezi wa ufalme humkumbuka wa 1981, wapinzani humkumbuka wa 2020, na kila upande una hoja: kinga iliyomfanya asiogope makoloneli ndiyo iliyomfanya asiogope wakaguzi.

Aliyekwenda mbali kuliko wote katika enzi yetu hakuwa mfalme, alikuwa mwakilishi wake. Tarehe 11 Novemba 1975 Gavana Mkuu wa Australia, John Kerr, alimfukuza Waziri Mkuu Gough Whitlam, ambaye alikuwa bado na wabunge wengi katika baraza la chini, kwa sababu Seneti iliyoshikwa na upinzani ilikuwa imezuia fedha za serikali. Akamweka kiongozi wa upinzani, Malcolm Fraser, ambaye Desemba alishinda uchaguzi kwa kishindo. Barua zilizofunguliwa mwaka 2020 zinaonyesha Kerr alikuwa amejadiliana na kasri kwa muda mrefu kuhusu mamlaka hayo, ingawa siku yenyewe aliamua bila kumtaarifu Malkia kwanza. Wapiga kura walimpa ushindi Fraser, hiyo ni kweli. Haifuti ukweli kwamba mtu aliyeteuliwa kwa pendekezo la Whitlam mwenyewe alimtoa Whitlam kwa mamlaka ambayo wengi walikuwa wamesadiki kwamba yamelala usingizi wa pono.

Kuna nguvu nyingine isiyohitaji kukataa chochote. Waziri mkuu wa Uingereza hukutana na mfalme takriban kila wiki, wawili peke yao, bila karani na bila kumbukumbu. Muswada ukigusa mali au mamlaka ya Taji, mawaziri huomba ridhaa ya mfalme kabla haujamaliza safari yake bungeni, na hapo mawakili wa kasri hupata nafasi ya kusema walichonacho. Mwaka 2015, baada ya miaka kumi ya mvutano, mahakama iliruhusu kuchapishwa kwa barua ambazo Charles, wakati huo mwana wa mfalme, aliwaandikia mawaziri kuhusu kilimo, majengo ya kale, hata vifaa vya askari. Hakuna waziri aliyelazimishwa kumtii. Lakini ni raia gani mwingine anayeandika barua na kujibiwa na waziri kwa unyenyekevu ule?

Neno la kikatiba lisitufumbe macho, kwa sababu hata wasiostahili hulivaa. Kipimo changu ni kifupi: mfalme akimchoka waziri mkuu mwenye wabunge nyuma yake, nani ataondoka? Jordan, ataondoka waziri mkuu, na wameondoka wengi. Morocco, katiba ya 2011 inamtaka mfalme amteue waziri mkuu kutoka chama kilichoongoza uchaguzi, lakini mfalme anaongoza baraza la mawaziri, majeshi na dini, na mwaka 2017 Mohammed VI alimweka kando Abdelilah Benkirane baada ya miezi ya kukwama kuunda serikali, akamchukua mwingine wa chama hichohicho. Herufi ya katiba haikuvunjwa, na kila mtu alijua ofisi ipi ni kubwa. Thailand ilimaliza ufalme usio na mipaka mwaka 1932, lakini kifungu cha 112 cha sheria ya jinai bado kinampa hadi miaka 15 jela anayemtukana mfalme, na Agosti 2024 Mahakama ya Katiba ilikifuta chama kilichoongoza uchaguzi wa 2023 kwa sababu kilitaka kifungu hicho kirekebishwe. Eswatini ina katiba tangu 2005, na mfalme ndiye anayeteua waziri mkuu katika nchi ambayo vyama haviruhusiwi kugombea. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kule anajulikana aliyebaki.

Ufalme mwingine wa kusini mwa Afrika, Lesotho, unafundisha zaidi kuliko unavyosikika. Agosti 1994 kijana Mfalme Letsie III alijaribu kuifukuza serikali iliyochaguliwa mwaka mmoja tu kabla, akashinikizwa na majirani, na Septemba akairudisha. Tangu hapo kasri limekaa mahali pake, na waliojaribu bahati ni mawaziri wakuu. Machi 2020 Thomas Thabane, wabunge wakijipanga kumwondoa, alilifunga Bunge kwa miezi mitatu kwa kisingizio cha ugonjwa wa korona. Mahakama ikatengua mwezi uliofuata. Mwaka 2022 Moeketsi Majoro alitangaza hali ya hatari ili Bunge lililokwisha kuvunjwa liitwe tena kupitisha miswada ya mageuzi. Likaitwa, likapitisha, mahakama ikayafuta yote. Katika matukio yote mawili Mfalme alifanya alichoshauriwa, na kosa lilisomwa kwenye ofisi iliyoshauri.

Lakini Wabasotho hawakuziachia mahakama kazi yote. Mwaka huohuo wa 2020 Bunge lao lilirekebisha katiba ili waziri mkuu aliyepoteza imani ya wabunge asiweze tena kulivunja Bunge kwa uamuzi wake peke yake na kukimbilia uchaguzi. Muswada ulipelekwa kwa Mfalme, akausaini, na Thabane akaondoka madarakani mwezi Mei kabla ya kuufikia uchaguzi alioutegemea kumwokoa.